Halima Mlangoni Kwihara

Likizo iliyopita niliwapeleka watoto Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora mjini. Hapo ndipo ilipopita njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu, na watumwa walipitishwa humo kupelekwa pwani. Hata wake za wapagazi walisafiri, vyungu kichwani na watoto mgongoni.

Leo imebaki miembe mikubwa, na tembe iliyojengwa upya, ambayo ni makumbusho. Mwaka 1872 Dakta David Livingstone alikaa hapo akingoja wapagazi kutoka kwa H. M. Stanley.

Watoto waliingia ndani. Mimi nilibaki mlangoni nikimfikiria Halima, mpishi wake, mke wa Amoda. Alikuwa mtumwa. Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba hakuwahi kumkemea. Mama huyu hakuiba, wala hakumruhusu mumewe aibe. Siku moja, wakiwa hapo Kwihara, Halima aligombana na mwenzake, Ntaoeka, akatoroka. Alirudi mwenyewe, lakini hakuingia. Alitaka tu bwana atoke nje na kumwambia aingie. Livingstone akatoka, akamwonya asigombane tena, akampa nguo ya kujikinga na baridi. Akaandika kwamba wakifika Unguja atampa uhuru, na kumnunulia nyumba na bustani.

Hakufika. Alifariki Mei 1, 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Halima alikuwa miongoni mwa watu hao. Aliyemwahidi nyumba hakuwapo tena kuitimiza ahadi.

Hapo moyo ukanichoma. Nilimkumbuka binti aliyenilelea mtoto wangu wa kwanza. Nilimwahidi cherehani siku ya kuondoka. Aliondoka na kanga mbili tu. Livingstone alizuiwa na mauti. Mimi ni mzima, na kwao ni Nzega, nauli ya basi tu.

Mama mwenzangu, je, nyumbani kwako yuko nani anayengoja nje ya mlango, akitaka tu kuambiwa aingie? Na ni nani uliyemwahidi kitu ukasahau? Tusingoje kukumbushwa na magofu. Mimi bei ya cherehani nimekwisha kuulizia.