Donge Lisilotaka Kupungua

Mara hii twataka kusema juu ya maradhi ambayo wengi wetu hatutayaona, lakini anayeyapata hupoteza wakati mwingi kwa kuwa yamefanana mno na maradhi mengine. Ni saratani iotayo ndani ya mshipa mkubwa uchukuao damu kutoka moyoni kwenda mapafuni. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1923, baada ya maiti kupasuliwa. Ni adimu sana. Hesabu za waliopasuliwa baada ya kufa hazipiti watu 3 katika 10,000.

Inayofanana naye ni donge la damu. Mtu aliyelala kitandani siku nyingi, aliyevunjika mguu, au mzazi aliyejifungua karibuni, damu yaweza kumganda mguuni. Kisha kipande hukatika kikapanda mpaka mapafuni kikaziba njia. Hutweta, kifua humchoma, pengine hukohoa damu. Saratani nayo huziba njia ile ile, na hata picha ya siti skani huweza kuonyesha kizuizi kile kile. Daktari akisema ni donge hatumlaumu, kwani karibu mara zote huwa ni donge kweli, na dawa haifai kucheleweshwa.

Basi mgonjwa hupewa sindano za heparini, kisha vidonge kama wafarini. Watu huziita dawa za kuyeyusha damu, na jina hilo si sawa: dawa hizi huzuia donge lisizidi, na mwili wenyewe huliondoa kidogo kidogo. Hapa ndipo penye jambo. Donge la kweli, dawa ikinywewa sawasawa, aghalabu hupungua kwa wiki na miezi. Saratani haisikii dawa hiyo. Ikiwa mgonjwa hakukosa dawa na pumzi bado yazidi kuwa fupi, yafaa swali liulizwe upya. Na zaidi ikiwa miguu ilipimwa ikaonekana haina donge, amekonda pasipo sababu, ana homa isiyo ya malaria, au picha ya pili yaonyesha kizuizi kimekua.

Wala saratani za mishipa si ngeni Afrika ya Mashariki. Ile aliyoieleza Moritz Kaposi mjini Vienna mwaka 1872, itokanayo na utando wa ndani wa mishipa, yajulikana sana Uganda, ambako Taasisi ya Saratani ilianzishwa Mulago mwaka 1967. Virusi viisababishavyo vilitambuliwa mwaka 1994. Nayo ikiingia mapafuni hudhaniwa kuwa kifua kikuu.

Hii ya mshipa wa mapafu huthibitishwa kwa kupima kipande cha nyama yake, na tiba yake kubwa ni kupasuliwa kifua, kazi isiyofanywa katika kila hospitali. Asiyepasuliwa mara nyingi huhesabiwa wiki chache. Aliyewahiwa huongezewa miezi, pengine miaka. Ndiyo maana miezi mitatu ya kungojea donge lipungue si kitu kidogo.

Mtu wa Kiuyu ana njia ndefu: gari mpaka Chake Chake au Mkoani, boti mpaka Unguja, na pengine Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Kila afikapo hukuta daktari mgeni, na barua mkononi yasema "donge la mapafu" tu. Sisi twaona kazi kubwa ni ya jamaa anayefuatana naye. Na achukue picha zenyewe, hata za zamani, si majibu ya karatasi peke yake. Na aandike siku dawa ilipoanza, siku iliyokosekana, na uzito wa mgonjwa mwezi kwa mwezi. Dawa isiachwe kwa kusoma haya yetu, maana kama ni donge, kuiacha kwaweza kuua. Amwulize daktari kwa adabu: "Je, donge hili limepungua tangu picha ya kwanza? Na kama halikupungua, laweza kuwa kitu kingine?"