Picha yako ikipunguzwa kiuno, nani kaamua?

Kupunguza kiuno, kuongeza makalio au kung'arisha uso kwenye picha ni kazi ya dakika chache tu kwenye simu, uwe Runzewe wilayani Bukombe au London. Programu yenyewe haina kosa. Swali ni kama mwenye picha karidhia.

Novemba 2017, mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o alijiona kwenye jalada la jarida la Grazia la Uingereza, nywele zake zimepunguzwa na kulainishwa. Alilalamika hadharani, jarida na mpiga picha wakaomba radhi. Staa anasikilizwa. Binti aliyepiga picha ya mahafali Runzewe atamlalamikia nani?

Ufaransa tangu 2017, na Norway tangu 2022, tangazo lenye mwili uliobadilishwa lazima liseme hivyo. Lakini hizo ni sheria za matangazo. Haziingii studio ya mtaani.

Kwa hiyo anza wewe. Mwambie mpiga picha mapema: rekebisha mwanga, mwili uache. Kisha kagua kabla ya kulipa. Ukiona fremu ya mlango au mistari ya ukuta imepinda karibu na kiuno chako, ujue picha imechezewa.