VIJANA HAWADEKI, WANADAI HAKI



Ndugu yangu Muislamu uliyeajiri watu, iwe dukani, shuleni au kwenye kampuni yako, leo nasema na wewe.

Kila kikao nasikia lawama ile ile: "Vijana wa siku hizi hawana subira. Unampa kazi, miezi sita kaondoka." Umewahi kuwauliza kwa nini wanaondoka? Hawa waliozaliwa miaka ya 1980 na 1990 kazi wanaipima hivi: Mshahara unatoka tarehe tuliyokubaliana? Bosi anafoka mbele za watu? Ujumbe wa kazi unaingia saa nne usiku? Adhuhuri ikifika nitaruhusiwa kuswali? Wakiona majibu ni mabaya, wanatafuta pengine.

Wewe unaita hilo kudeka. Dini yako inaliita haki.

Rudi kwenye Suratul Qasas. Mzee wa Madyan alipomuajiri Nabii Musa (a.s.), alitaja ujira na muda kabla ya kazi kuanza: miaka 8, na akitimiza 10 ni kwa hiari yake. Akamwambia wazi kuwa hataki kumtaabisha. Wako ana mkataba, au ulimwambia "anza kwanza, tutaongea"?

Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume wetu (s.a.w.) miaka 10, naye alisimulia kuwa hakuwahi hata kuguniwa. Na alianza akiwa mtoto, na watoto hukosea! Je, wako anamaliza siku 10 bila kutukanwa?

Hata sheria ya nchi iko wazi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Wewe unamuweka kijana mpaka Isha, kisha unamwambia "fanya kwa ajili ya Allah." Subhanallah! Sadaka hutoka kwenye mali yako, haitoki kwenye jasho la mwenzio.

Utasema, "Mbona sisi tulivumilia?" Tulivumilia kwa sababu hatukuwa na pa kwenda. Dhulma iliyovumiliwa haigeuki kuwa sunna.

Na wewe kijana usishangilie. Mizani hiyo hiyo inakupima. Kushinda kwenye simu saa unazolipwa ni khiyana. Kutoweka bila notisi na bila kukabidhi kazi ni khiyana. Ukitaka kuondoka, ondoka kwa wema.

Mwajiri, mwezi unakatika. Kabla hujamlaumu aliyeondoka, mlipe aliyebaki. Imepokewa katika Sahih Bukhari kuwa anayemtumikisha mtu akamaliza kazi, kisha akamnyima ujira wake, ni mmoja wa watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama. Siku hiyo utamtafuta wakili gani?

Mfikishie na mwenzako aliyeajiri. Wabillahi tawfiq.