Ubao wa picha uwanjani: Mtoto asiyenena apewe pia neno ‘sitaki’

MTOTO ambaye hawezi kunena kwa sababu ya usonji au mtindio wa ubongo hukosa mengi uwanjani, na la kwanza ni marafiki. Wenzake humpita wakidhani hana la kusema. Ndiyo maana miji kadhaa ya Marekani na Uingereza imesimamisha katika viwanja vya umma mbao kubwa zenye picha na maneno, ili mtoto aonyeshe kwa kidole ujumbe alio nao.

Wazo hilo linaufaa pia ukanda wa Ziwa Victoria. Katika mji wa wavuvi kama Usenge, Kaunti ya Siaya, watoto huchezea nyanja za shule na hata ufuoni. Karibu na maji, mtoto asiyeweza kuomba msaada yumo hatarini zaidi.

Kisheria, suala hili halina utata. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine ifaayo ya mawasiliano. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linazikabidhi kaunti bustani, fuo, sehemu za burudani na elimu ya chekechea. Kwa hivyo, swali la nani agharamie mbao hizo lina jibu tayari.

Hata hivyo, ugumu hauko katika kununua ubao bali katika kuchagua maneno. Ubao uliojaa majina ya vitu kama vile bembea, mpira na ndizi humwezesha mtoto kuomba tu. Wataalamu wa mawasiliano husisitiza maneno machache yanayotumika kila mara: nataka, sitaki, acha, tena, zamu yangu, nisaidie, naumwa. Mtoto asiye na njia ya kukataa wala kueleza aliyetendewa ni windo rahisi la wanaomdhulumu. Kwake, neno ‘acha’ ni kinga.

Suala la lugha nalo lisipuuzwe. Watoto wengi wa Usenge huzungumza Dholuo nyumbani, kisha hukutana na Kiswahili na Kiingereza darasani. Ubao ulionakiliwa kutoka ng’ambo utawachorea maji kama mfereji wa jikoni, ilhali ‘pi’ anayoijua mtoto huenda hutoka katika mtungi wa plastiki. Picha zinapasa kuteuliwa na wazazi na walimu, na kujaribiwa na watoto wenyewe kabla ya kuchapishwa. Aidha, ubao uwekwe chini kiasi cha kufikiwa na aliye katika kiti cha magurudumu, na rangi zake zistahimili jua na mvua.

Wala ubao haufundishi peke yake. Mtoto hujifunza kuutumia anapowaona watu wazima wakigusa picha huku wakizungumza. Pasipo walimu wa chekechea kupewa mafunzo, na nakala ndogo kufika nyumbani, utabaki pambo la kupigia picha siku ya uzinduzi.

Bajeti za kaunti hupitia vikao vya kushirikisha umma. Wazazi wa watoto hawa wafike huko na kudai mambo mawili kwa pamoja: fedha za mbao na fedha za mafunzo. Kupata moja bila la pili ni kumnunulia mvuvi mtumbwi usio na kasia.