Wacheni Kuuzia Mama Zetu Kinga ya Chupa

Wasee, kila kiangazi Kitui na Makueni ni hadithi moja. Kideri kinaingia boma la mtu Jumatatu, kufika Ijumaa kuku wamepinda shingo, wanaharisha kijani, wamekwisha. Hao kuku ndio karo ya muhula wa tatu. Halafu kuna jamaa mtandaoni, mwenye wafuasi wengi kuniliko, anauza maji ya alovera na pilipili eti "yanapandisha kinga". Nimechoka naye.

Kinga gani hiyo inapandishwa? Kinga si betri ya simu.

Kideri ni virusi vya RNA. Vikiingia kwenye seli vinajinakili, na RNA yake ina umbo ambalo seli yenyewe haina kawaida ya kutengeneza. Seli ina sensa za kuitambua. Sensa ikishtuka, seli inatoa interferoni, yaani ujumbe kwa seli jirani: fungeni milango. Jirani wanapunguza kuunda protini, wanaanza kukatakata RNA. Yote haya kabla mwili haujaunda kingamwili. (Interferoni iligunduliwa London mwaka 1957 kwa kutumia mayai ya kuku. Kuku wametufunza hii kitu, na sisi tunawalipa na pilipili.)

Sasa sikiza. Binadamu ana sensa inaitwa RIG-I. Bata anayo. Kuku hana. Si eti imelala, jeni yenyewe haipo! Anategemea nyingine, MDA5, na kideri kina protini inayoikamata hiyo MDA5 na kuinyamazisha. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba ukitia RIG-I ya bata kwenye seli za kuku, virusi vya mafua ya ndege vinazaana kidogo. Niambie basi, alovera inapandisha nini ambacho hakipo? Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hilo swali halihitaji digrii.

Chanjo inasaidia kwa sababu kuku anakuwa na kingamwili tayari kabla virusi havijabisha. Tone moja la jicho, linarudiwa baada ya miezi kadhaa.

Na msiniambie mama hajui. Anajua sana. Shida ni kwamba chupa ya chanjo mara nyingi ni ya kuku mia na zaidi, yeye ana kumi na watano. Ikishachanganywa haingoji kesho. Tena inataka baridi, na kutoka Wote au Mwingi mpaka kwake ni bodaboda na jua. Hapo ndipo muuza alovera anapata soko. Nanyi wanasiasa mnaogawia vikundi vifaranga mkipigwa picha, mbona hamleti na mtu wa chanjo?

Majirani saba wakichanga, chupa moja inawatosha, ibebwe kwenye thamosi yenye barafu, ichanjwe asubuhi moja boma hadi boma. Kama uko Nairobi na mamako anafuga Kibwezi, usimtumie video ya yule jamaa. Mpigie leo, umuulize majirani wake wana kuku wangapi.