"Mtandao unasumbua, rudi kesho" (sehemu ya 6)

Mama zangu wa Mirongo, leo naongelea lile neno mnaloambiwa dirishani: mtandao unasumbua. Mara nyingi jamani mtandao ni mzima kabisa, hata WhatsApp inaingia.

Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi (sikitaji) kilinunua kompyuta mpya ya mapokezi. Programu ya kuandikisha watoto ilikuwa ya zamani, na faili lake lilikaa kwenye kompyuta nyingine iliyoko stoo, zinasomana kwa waya. Ile mpya ikagoma kulifungua. Siku hiyo mama mmoja aliondoka na mtoto wa miezi 9 bila chanjo ya surua, na nauli ya daladala ndiyo imeshaenda. Inaniuma mpaka leo.

Fundi alinielewesha. Kompyuta za zamani zilikuwa zinapeana mafaili kwa lugha inayoitwa SMB1. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la lugha hiyohiyo, hospitali za Uingereza zikaahirisha maelfu ya miadi. Mwishoni mwa mwaka huohuo Windows 10 zikaanza kutoka bila SMB1. Kwa hiyo mashine ya zamani inaita, mpya haiitikii. Wakati mwingine shida ni ndogo zaidi: programu ya zamani haijui kutafuta faili kwa jina la kompyuta nyingine, inataka herufi tu, kama Z. Folda ikipewa herufi, kazi inaendelea.

Kuna mafundi wanairudisha SMB1 ili foleni iishe. Mimi nakataa. Huko ni kulala mlango wazi kwa sababu ufunguo umepotea, na ndani kuna taarifa za watoto wenu. Faili lihamishiwe mashine inayojua lugha mpya, nakala iwekwe pembeni kwanza.

Lakini hayo ni yetu sisi, si yako wewe mama. Chanjo iko kwenye friji, haiko kwenye kompyuta. Ukiambiwa urudi kesho, toa kadi ya kliniki, sema kwa upole: "Nesi, naomba umchome mtoto, uandike kwenye kadi na rejista, kompyuta mtaingiza baadaye." Ukikataliwa, muulizie mfawidhi.

Na hiyo kadi ipige picha kila ukitoka kliniki, kurasa zote. Kesho tunaongelea homa za usiku.