Kandili za Hamburg na Chemli ya Bibi

Kwa bibi, babu, mashangazi na wajomba mlioko nyumbani,

Dhumuni la barua hii kutoka Hamburg ni kuwajulisheni jinsi wajukuu wenu wadogo, wale wa miaka miwili na mitatu, wanavyoipitisha vuli huku, na kuwaombeni jambo moja lisilohitaji nauli wala kifurushi cha posta.

Tuanze na neno lenyewe. Nyumbani vuli ni mvua, zile za Oktoba hadi Desemba. Huku vuli ni majani. Siku zinapofupika, miti huacha kutengeneza klorofili inayoyapa majani ukijani wake, na umanjano uliokuwa umejificha chini yake hujitokeza. Wekundu una habari yake: baadhi ya miti huutengeneza upya katika siku hizo za mwisho. Kisha yote hupukutika. Wiki chache tu, na njia za bustani kubwa ya Stadtpark zimefunikwa na majani ya manjano kama binzari na ya kahawia kama karafuu zilizokwisha kukauka jamvini.

Mwezi wa Oktoba shule za Hamburg hufunga kwa wiki mbili. Kwa familia inayoishi vyumba viwili ghorofa ya nne, bila ua wala baraza, likizo hiyo ni mtihani. Nje manyunyu, ndani mtoto anayepanda makochi. Simu hugeuka yaya. Wazazi wengi Waswahili wa hapa wamejifunza kuitumia vuli yenyewe kama dawa, kwa kuwa vifaa vyake viko chini ya miti na havilipiwi.

Mama mmoja mzaliwa wa Tanga hutoka asubuhi na binti yake wa miaka miwili na nusu, kila mmoja na kikapu chake. Mtoto huchutama, huchagua jani moja, huligeuza juu chini, kisha hulinyanyua.

"Mama, jani mzuri!"

"Jani zuri, mama. Na haya je?"

"Majani mazuri."

Wakirudi nyumbani huyafuta majani kwa kitambaa na kuyapanga ndani ya kitabu kizito, yakakaa humo kama wiki moja mpaka yakanyooka na kukauka. Lakini mtoto wa umri huo hana subira ya wiki, kwa hiyo huachwa majani mawili matatu ya kazi ya siku ileile. Jani hulazwa mezani, upande wenye mishipa ukitazama juu, likafunikwa kwa karatasi nyepesi. Kreyoni huvuliwa karatasi yake, ikalazwa ubavu na kusuguliwa taratibu. Kwanza huonekana mstari wa kati, halafu mishipa ya pembeni mmoja baada ya mwingine, mwishowe kingo zenye meno. Mtoto husimamisha mkono, akainua karatasi kutazama kama jani bado liko chini. Lipo. Anaanza tena.

Majani yaliyokauka yana kazi nyingi. Chora uso wa duara, gundisha majani ya manjano kuuzunguka, umepata simba mwenye manyoya yake. Chora mwili wa nusu duara wenye pua iliyochongoka, panga majani ya kahawia mgongoni, umepata kalunguyeye. Mnyama huyu Wajerumani wanampenda sana. Vuli ikiisha hutafuta rundo la majani la kulalia miezi yote ya baridi, na katika vituo vya watoto walezi huwafundisha wadogo wasiliguse kila rundo wanaloliona. Hivyo picha moja ya gundi inakuwa pia somo la huruma.

Kisha kuna kastania, mbegu za mviringo, nyororo, zinazong'aa kama mbao iliyopigwa vanishi. Wakubwa huzitoboa na kuzichomeka vijiti vya meno ziwe miguu na shingo, pakatokea twiga, ng'ombe, hata ngamia. Hapa tahadhari mbili hazina mjadala. Kastania hizi za barabarani haziliwi, zina sumu. Zile za kuchoma na kula ni za mti mwingine. Pili, kitu kinachopita katika tundu la upana wa sentimita 3 hivi kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Huo ndio upimaji unaotumika hata kwa vitu vya kuchezea vinavyouzwa dukani. Basi mdogo apewe kazi ya kuhamisha kastania kubwa kutoka bakuli hadi bakuli huku mzazi yuko ubavuni pake, na kutoboa abaki nako mtu mzima.

Siku ya mvua kubwa, jiko la Mswahili halikosi dawa. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi na kimoja cha maji hukandwa mpaka lipatikane donge kama la chapati. Mtoto hulisukuma, hulikandamiza jani juu yake kwa kiganja, akalibandua, na alama ya kila mshipa ikabaki. Kipande hicho kikikaushwa kwa saa chache katika oveni yenye moto mdogo, hutundikwa dirishani. Donge hili lisiliwe, chumvi yake ni nyingi mno kwa mtoto.

Kazi hizi zina asili ndefu hapa. Mwaka 1837 mwalimu Friedrich Fröbel alifungua kituo cha watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akakipa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Miongoni mwa shughuli alizowapangia zilikuwa kukunja karatasi, kufinyanga udongo, na kusuka vipande vya karatasi, kimoja juu na kimoja chini, mpaka vikawa kama mkeka mdogo. Mzazi wa Kipemba akiyaona hayo hukumbuka ukili. Fröbel aliandika vitabu. Bibi zetu walikaa ukumbini na ukindu mapajani, mjukuu pembeni akipewa miyaa iliyobaki ajaribu. Jambo ni lilelile: mtoto hufikiri kwa vidole kabla ya kufikiri kwa maneno.

Kilele cha vuli ni kandili. Karatasi ya kuokea hubandikwa majani makavu kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, ikazungushiwa kasha la duara la jibini na kufungwa waya na kijiti cha kushikia. Zamani ndani yake uliwekwa mshumaa. Siku hizi wengi huweka taa ndogo ya betri. Huku kaskazini mitaa mingi hutembea na kandili jioni za Oktoba na Novemba, mara nyingi wazimamoto wa kujitolea wakisindikiza msafara. Sehemu nyingine za Ujerumani siku kubwa ni tarehe 11 Novemba, ya Mtakatifu Martino, askari wa Kirumi wa karne ya 4 anayesimuliwa kuwa alilikata joho lake kwa upanga katika lango la Amiens, akampa nusu maskini aliyetetemeka kwa baridi. Baadhi ya vituo huiita sikukuu ya taa tu, ili familia za dini zote zijisikie ni yao. Na kumfunika mwenye baridi ni sadaka inayoeleweka msikitini na kanisani.

Sasa ombi lenyewe.

Watoto hawa wanasikia Kijerumani tangu asubuhi hadi alasiri. Kiswahili kinabaki na saa chache za jioni, na nyingi kati ya hizo huliwa na amri: vaa, kula, oga, lala. Meza ya gundi na majani ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mtoto husikia maneno mengine: bandua, kunja, suka, kandamiza, kingo, mshipa, nyororo. Anayasikia wakati kitu chenyewe kiko mkononi mwake, na hapo ndipo ngeli hukaa bila kufundishwa.

Lakini wazazi wa huku wameanza kuyasahau maneno hayo. Ninyi mnayo. Kwa hiyo mkipiga simu, msiulize tu mtoto anataka aletewe nini. Wekeni simu ikiegemea kikombe, mkae naye mkifanya kazi. Bibi anayesuka ukili asuke mbele yake na kutaja anachofanya. Babu anayejua kutengeneza gari la waya au mpira wa matambara atengeneze polepole, mtoto aone. Shangazi akate bamia, achovye kichwa cha bamia kwenye rangi na kugonga karatasini litokee ua, maana bamia huku hupatikana pia, na mtoto atafuata papo hapo.

Na mwaka huu, tarehe 11 Novemba, wakati watoto wa Hamburg nao wanatoka na kandili zao, tupigieni. Kwenu itakuwa kama saa kumi na mbili na nusu, kwetu saa kumi na nusu. Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu mwaka 2010, na siku hiyo jua huzama katika miji hiyo miwili kwa tofauti ya dakika kama kumi tu. Kiza kitakuwa kinaingia kwetu na kwenu pamoja. Mtoto atawaonyesha kandili yake ya majani. Bibi, kama ile chemli bado ipo kabatini, ifute kioo, uiwashe, umwonyeshe nawe.